Kabla na Baada ya Wembe: Historia ya Kuondoa Nywele za Mwili Mpanda na Katavi

Katika mazungumzo ya leo kuhusu unadhifu wa mwili, wembe huchukuliwa kuwa ndicho chombo cha msingi cha kuondolea nywele, na njia nyingine zote, yaani krimu za dukani, unga unaochanganywa na maji, nta ya moto na sukari inayopikwa kwa ndimu hadi ikawa ulimbo, huitwa mbadala, kana kwamba zilizuka baadaye ili kuziba pengo ambalo wembe uliliacha. Historia ya Mpanda na maeneo yanayounda Mkoa wa Katavi haikubaliani na mpangilio huo. Katika ukanda huu wa miombo ulio kati ya Tabora, Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, kung'oa nywele kwa vidole na kwa kibano kulitangulia. Wembe wa mhunzi ulikuwa chombo cha shughuli maalumu, na mara nyingi ulishikwa na mkono wa mtu mwingine. Na wembe mwembamba wa dukani, ule ambao mtu mzima yeyote anaweza kuununua na kuutumia peke yake chumbani, ni mgeni wa karne ya 20 ambaye kwa sehemu kubwa aliingia kwa reli.

Kabla ya kufuata historia hiyo ni lazima kutenganisha vitendo vitatu ambavyo lugha ya kila siku huvichanganya. Kunyoa ni kukata unywele usawa wa ngozi na kuliacha shina lake ndani, hivyo kwamba baada ya siku mbili tatu ncha mpya hujitokeza. Kunyonyoa, au kung'oa, ni kuutoa unywele pamoja na shina, jambo linalouma zaidi lakini linaloiacha ngozi laini kwa majuma kadhaa. Cha tatu ni kuuyeyusha unywele kwa dawa ya kikemikali hadi ukafutika kwa kitambaa. Ipo pia tofauti ya mahali: nywele za kwapani na za kinena, yaani sehemu iliyo chini ya tumbo juu ya sehemu za siri, zilikuwa na kanuni zake katika kila jamii, na kanuni hizo hazikuwa zile za ndevu, za nyusi, wala za vinyweleo vyembamba vya miguuni na mikononi, ambavyo watu wengi wa bara hawakuvijali hata kidogo mpaka picha za magazeti na video zilipowafundisha kuvijali.

Mkoa wa Katavi wenyewe ni mchanga, kwa kuwa ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, lakini watu wake wana historia ndefu na iliyochanganyika. Wabende wako upande wa magharibi kuelekea ziwani, Wakonongo katika misitu ya Inyonga na mashariki yake, Wapimbwe katika bonde la Rukwa, na Wafipa upande wa kusini. Wafugaji wa Kisukuma walianza kuhamia kwa wingi kutoka kaskazini katika miaka ya 1970, na wakati huo huo wakimbizi waliotoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo, ambako wengi wao na watoto wao baadaye walipata uraia wa Tanzania. Kwa hiyo haifai kuzungumzia desturi moja ya Katavi, kana kwamba watu hawa wote walirithi chano kimoja cha vifaa vya kujipambia.

Ushahidi wa mapema wa maandishi kuhusu jambo hili katika magharibi ya Tanzania umo katika kitabu ambacho Richard Burton alikichapisha mwaka 1860, baada ya kusafiri hadi Tabora mwaka 1857 na kufika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Akiwaeleza Wanyamwezi, ambao Wakonongo wa Inyonga ni ndugu zao wa karibu kwa lugha na asili, Burton aliandika kwamba wanaume wengi na karibu wanawake wote waliziondoa kope zao, kwamba masharubu yalikuwa machache pale ambapo hayakung'olewa, na kwamba nywele za mwilini zilionekana kwa nadra. Burton alikuwa mwandishi mwenye dharau, na hukumu zake juu ya tabia za watu hazistahili kuaminiwa bila kupimwa, lakini katika mambo madogo yanayoonekana kwa macho alikuwa mwangalifu. Kutokana na maelezo yake yatosha kuhitimisha kwamba uso usio na nywele ulikuwa pambo lililotafutwa kwa makusudi, na kwamba njia ya kulipata ilikuwa kung'oa, maana kope haziwezi kunyolewa.

Kifaa kilichofanya kung'oa kuwezekane kwa sehemu nyingine za mwili ni majivu, ambayo hutajwa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati na ambayo hayakuhitaji fundi, soko wala fedha. Majivu laini ya kuni hupakwa kwapani au kinenani, nywele hushikwa chache chache kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha huvutwa kwa mkupuo mmoja. Wapo wanaodhani kuwa majivu huziunguza nywele, lakini kazi yake ya kwanza ni nyepesi zaidi: hukausha jasho na mafuta, na kuupa unywele ukwaru wa kuweza kushikika. Kazi ya pili inatokana na chumvichumvi za potasiamu zilizomo ndani yake, ambazo zikikutana na unyevu hutoa magadi hafifu yanayolainisha tabaka la juu la ngozi, na hiyo ndiyo sababu majivu yaliyokaa mno mahali penye jasho huwasha. Chumvichumvi hizo hizo, zikichemshwa pamoja na mafuta ya mawese, hutoa sabuni nyeusi ya kienyeji. Jiko moja, kwa maneno mengine, liliweza kutoa sabuni na dawa ya nywele.

Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko majivu yenyewe ni nani aliyefundisha matumizi yake. Katika jamii nyingi za magharibi ya Tanzania palikuwa na staha kali kati ya mzazi na mtoto aliyebalehe kuhusu mambo ya mwili, lakini kati ya bibi na mjukuu palikuwa na utani, yaani uhuru unaokubalika wa kusema bila haya yale ambayo mama asingeweza kuyasema. Elimu ya kung'oa nywele ilipita katika njia hiyo, kutoka kwa bibi au shangazi kwenda kwa msichana, na ilikuwa sehemu ya mafunzo mapana ya usafi wa hedhi, ya ndoa na ya adabu ya chumbani. Pwani elimu kama hiyo ilikabidhiwa kwa somo au kungwi, yaani mwanamke aliyechaguliwa kumlea mwali na kumwandaa kwa ndoa, ambaye alisimamia pia kumsinga bibi arusi kwa mchanganyiko wa liwa na manukato. Ni kwa sababu hiyo kwamba historia ya jambo hili imeandikwa kidogo sana: waliolijua vizuri walikuwa wanawake wazee, na waliokuwa wakiandika, kuanzia wasafiri hadi maofisa wa wilaya, walikuwa wanaume wageni ambao hakuna bibi aliyekuwa na sababu ya kuwaeleza.

Hayo hayamaanishi kwamba wembe haukuwapo. Nchi ya Ufipa, iliyo jirani upande wa kusini, ilikuwa maarufu kwa uyeyushaji wa chuma katika matanuru marefu ya udongo yaliyoitwa malungu, yenye kimo cha takriban mita 3, ambayo yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto, kisha chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuru dogo liitwalo kintengwe kabla ya kupelekwa kwa mhunzi. Kazi hiyo, iliyofifia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ilitoa kwanza majembe, mashoka na mikuki, kwa sababu chuma kilikuwa ghali na kilihitaji kuni nyingi na miiko mingi. Wembe wa mhunzi ulikuwa kipande kifupi cha chuma kilichonolewa kwenye jiwe, na palipokuwa nao uliwahudumia watu wengi. Ulitumika kumnyoa mtoto nywele za kuzaliwa, kuwanyoa wafiwa kichwani mwishoni mwa matanga na kuchanjia chale za dawa. Ulihusishwa na damu, kifo na mwanzo wa maisha, na mtu hakujinyoa mwenyewe bali alinyolewa. Si ajabu basi kwamba kwa usafi wa kawaida wa kwapa na kinena, unaohitaji faragha na unaorudiwa mara kwa mara, majivu na vidole viliushinda.

Mkondo mwingine ulitoka pwani pamoja na misafara. Njia kuu ya Tabora kwenda Ujiji ilipita kaskazini ya Katavi, na njia ya kusini ilielekea Karema, kituo cha ziwani kilichoanzishwa mwaka 1879 na jumuiya iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambacho mwaka 1885 kilikabidhiwa kwa wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadre Weupe. Wafanyabiashara Waislamu waliokuwa wakizitumia njia hizo walikuja na kanuni iliyoandikwa. Hadithi za Mtume huhesabu miongoni mwa mambo ya fitra, yaani usafi unaolingana na maumbile ya binadamu, kung'oa nywele za kwapani na kunyoa za kinenani, na huweka siku 40 kuwa mwisho wa kuziacha. Mkazi wa Katavi aliyesilimu hakufundishwa hapa jambo geni la kutenda. Alichopewa ni kipimo cha muda na sababu ya ibada kwa jambo ambalo bibi yake alilijua. Pale palipokuwa na mgongano ni usoni, kwa kuwa hadithi nyingine humlaani mwanamke anayezing'oa nyusi zake, ilhali kung'oa nywele za uso ndiko hasa alikokueleza Burton miongoni mwa Wanyamwezi. Ubishi wa leo kuhusu kutinda nyusi, unaosikika katika darasa za wanawake Mpanda kama unavyosikika Unguja, una mizizi mirefu kuliko saluni.

Pwani yenyewe ilikuwa imepokea kutoka Uajemi na nchi za Kiarabu maarifa ambayo hayakufika bara kwa urahisi. Hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 na Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na ile ya Hamamni mjini Unguja, iliyojengwa katika enzi ya Seyyid Barghash kati ya mwaka 1870 na 1888, ni matunda ya utamaduni ambamo kuoga na kuondoa nywele vilikwenda pamoja. Katika hamamu za Uajemi na za Dola ya Uthmani ilitumika nura, yaani mchanganyiko wa chokaa kali na madini ya manjano yenye arseniki, uliopakwa mwilini kwa dakika chache kisha ukaoshwa haraka kabla haujaichoma ngozi. Nura ni mama wa krimu zote za leo, na hatari yake ilijulikana na watumiaji wake, ambao waliipima kwa ukali wa joto waliouhisi. Misafara haikuwa na sababu ya kubeba chokaa na arseniki kwa miguu hadi Karema, na mkondo huo ukaishia pwani.

Badiliko kubwa lilikuja na madini. Mwaka 1934 iligunduliwa karibu na Mpanda mbale ya risasi, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia uchimbaji mkubwa uliandaliwa, kiasi kwamba serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa takriban kilomita 210, lililokamilika mwaka 1950. Mbale hiyo ni galena, ambayo katika nchi za Kiarabu na Bara Hindi ilisagwa tangu kale kuwa wanja wa macho, na ambayo kwa sababu ya risasi iliyomo ni sumu. Lakini ya Mpanda ilisafirishwa nje kama malighafi ya viwanda. Mgodi ulifungwa takriban mwaka 1960, muongo mmoja tu baada ya reli kufika, na kilichobaki ni mji wenye maduka, vinyozi na watu waliozoea mshahara. Wembe mwembamba wa makali mawili, ambao Mmarekani King Camp Gillette alipewa hataza yake mwaka 1904, ulifika katika mazingira hayo ukiwa bidhaa ya senti chache, na ndiyo mara ya kwanza katika eneo hili ambapo chuma kikali kiliweza kutumiwa na mtu mmoja na kutupwa. Kambi ya wanaume wanaoishi mbali na bibi na shangazi zao haikuwa mahali pa kurithishana ufundi wa majivu.

Utawala huo wa wembe haukuwa imara kama unavyodhaniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, maduka ya Tanzania yalikosa sabuni, sukari na mafuta ya kupikia, na mwaka 1983 serikali iliendesha msako dhidi ya waliotajwa kuwa wahujumu uchumi. Mji ulio mwisho wa reli hupata kidogo kuliko Dar es Salaam katika nyakati kama hizo. Wembe mmoja ulinolewa ndani ya bilauri na kupitishwa kwa watu kadhaa wa nyumba, na kufikiria kupika sukari ili kuondoa nywele kungekuwa ufujaji usiosameheka. Biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984 nyembe zilirudi, lakini zilirudi wakati ambapo jambo jingine lilikuwa limeanza.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera, na katika miaka iliyofuata elimu ya afya ilisisitiza kutochangia vitu vyenye ncha kali. Ujumbe huo ulifaa na uliokoa maisha, hasa katika kuchanja chale na katika kukata kitovu cha mtoto, lakini athari yake juu ya historia hii haikutarajiwa: kwa kumtaka kila mtu awe na wembe wake, uliufanya wembe kuwa alama ya usafi wa kisasa na kuyafanya majivu yaonekane ushamba, ingawa aliyetumia majivu na vidole vyake mwenyewe hakuchangia chuma na mtu yeyote. Hospitali nazo ziliimarisha imani hiyo kwa kumnyoa mama kinena kabla ya kujifungua, desturi ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 1996 miongoni mwa zisizo na faida na zinazofaa kuachwa, kwa kuwa mikwaruzo ya wembe huwafungulia vijidudu njia.

Kinachowarudisha watu leo kwenye njia zisizo za wembe ni hasa ngozi zao. Unywele wa Mwafrika hujikunja, na ukikatwa kwa wembe hubaki na ncha iliyochongoka ambayo hupinda na kuchoma ngozi upya, na kusababisha vipele, usaha na madoa meusi shingoni na kinenani. Unga wa kunyolea ulioenea kwanza miongoni mwa wanaume Weusi wa Marekani, wenye bariamu na chokaa, ulipata wanunuzi Tanzania kwa sababu hiyo hiyo: huvunja viungo vya salfa vinavyoushikilia unywele, nao huacha ncha butu. Krimu za wanawake hutumia chumvi za asidi ya thioglikoli, ambazo hufanya kazi katika magadi makali na hazitakiwi kuachwa mwilini kupita dakika zilizoandikwa kwenye kopo. Usimamizi wa bidhaa hizo, uliokuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019. Harufu ya yai bovu inayobaki bafuni ni ya salfa, na mzee wa hamamu ya Uajemi angeitambua mara moja.

Njia ambayo imepata wafuasi wengi zaidi miongoni mwa wanaojaribu wenyewe nyumbani ni ile ya sukari, ambayo Waarabu huiita halawa. Sukari, maji kidogo na maji ya ndimu hupikwa kwa moto wa wastani hadi mchanganyiko uwe na rangi ya asali. Asidi ya ndimu huigawa sukari katika glukosi na fruktosi, ambazo zikiwa pamoja haziruhusu punje kuganda tena, na hiyo ndiyo siri ya ulimbo unaovutika badala ya kuvunjika. Vipimo vilivyoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani huhitaji marekebisho Mpanda, kwa sababu mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwa takriban nyuzijoto 96, hivyo kwamba ulimbo hufikia ugumu unaotakiwa kwenye joto la chini kidogo kuliko lile la vitabuni. Majira nayo huingilia kati: katika mvua za Novemba hadi Aprili sukari hufyonza unyevu wa hewa na kulegea mikononi, na katika baridi kavu ya Juni na Julai hukakamaa kabla haijasambazwa. Faida yake ni kwamba huoshwa kwa maji, na kinachobaki sakafuni hubebwa na sisimizi.

Nta ina kisa tofauti, na pengine ndicho chenye kejeli zaidi. Misitu ya Inyonga na Mlele ni miongoni mwa maeneo makubwa ya ufugaji wa nyuki nchini, ambako Wakonongo wametengeneza kwa vizazi vingi mizinga ya magome na ya magogo, na nta ya magharibi ya Tanzania imekuwa bidhaa ya kuuzwa ng'ambo tangu nyakati za Wajerumani. Viwanda vya vipodozi vya Ulaya hutumia nta ya nyuki kuwa kiungo kimojawapo, na makopo ya nta ya kuondolea nywele huuzwa katika saluni za Tanzania kwa bei inayozidi mara nyingi ile ya kilo ya nta ghafi kijijini. Hata hivyo, anayeiyeyusha nta tupu jikoni akitumaini kuruka hatua hiyo hupata matokeo mabaya, kwa kuwa nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, joto linaloweza kuunguza ngozi kwa sekunde chache, na ikipoa huwa ngumu na yenye kuvunjika bila kuushika unywele. Nta ya saluni hushika kwa sababu imechanganywa na utomvu wa msonobari uliosafishwa, ambao huifanya iyeyuke kwa upole na kunata. Msonobari haupo katika miombo ya Katavi, bali hupandwa katika mashamba ya serikali ya Sao Hill, upande wa pili wa nyanda za juu za kusini, ambako ugemaji wa utomvu wake umeanza kufanywa kibiashara.